Nilifuta jina la mtoto kwenye mlango wa gari

Mama Clotilde mpendwa, nakuandikia nikiomba msaada wako, na jina langu tafadhali usilichape, kwa sababu hapa Likasi watu tunajuana na mimi siku hizi hata padri simwangalii usoni.

Kazi yangu ni kung'arisha magari, nilijifunza kwenye karakana moja ambayo sasa imefungwa kama nyingine nyingi, nikabaki na mashine moja na ujuzi wangu, na ujuzi wenyewe ni kuchagua tu, maana kuna pate, ile dawa nzito ya kusugulia rangi, na kuna pate kali yenye chenga, hiyo inakula rangi na unaitumia na sufu ya kondoo, na kuna pate laini ya kuleta mng'ao, hiyo unaitumia na sponji, na ukikosea kuchagua umeharibu gari la watu.

Nyumba ya pili kutoka kwetu alikaa Nicolas, mwalimu, mtu wa Kasai lakini amezaliwa hapa hapa, na mke wake Henriette na binti yao Carine. Carine alipojua kuandika alichukua msumari akaandika jina lake kwenye mlango wa gari la baba yake, gari la bluu, ile N imeangalia upande mwingine, na mimi nilipokuja na mashine nimfutie, Nicolas alinishika mkono huku anacheka, akasema, "Achaka vile, ndugu. Ile njo diplome yake ya kwanza."

Halafu ukaja mwaka wa 1992, mama, sina haja ya kukueleza. Watu wa Kasai walifukuzwa mkoani kwetu, hata waliozaliwa hapa, Nicolas na familia yake wakalala wiki nyingi stesheni wakingoja treni ya kuwapeleka Kasai, na gari lao likachukuliwa na bwana mmoja wa mtaa wetu bila kumuuliza mtu. Bwana huyo akaniletea mimi. Alisema, "Ung'arishe yote, na utoshe ile jina, ufute kabisa. Sipende muntu asome jina ya mutoto wa benyewe ku motokari yangu." Malipo nusu gunia la unga, na sisi nyumbani tulikuwa tunakula mara moja kwa siku.

Sasa aibu yangu ndiyo hii. Ukipitisha ukucha kwenye mkwaruzo na ukucha ukakwama, ujue umefika chini, hakuna pate ya kuutoa, na mwenye gari ukimwambia hivyo anakubali maana yeye hajui. Jina la Carine halikuwa limefika chini, mkono wa mtoto ni mwepesi, lakini ningemwambia tu, bwana, hii imefika chini, haitoki, na unga angenipa vilevile kwa sababu gari zima lilikuwa limeng'aa. Hata nilianza na pate laini na sponji, nafikiri moyo wangu ulitaka ishindikane, na kweli jina lilibaki, tena likasomeka vizuri kuliko mwanzo, na ningeweza kuacha pale pale. Lakini nilitoa sufu ya kondoo, nikapaka pate kali, nikasugua mpaka herufi ya mwisho, nikarudia na laini, na mlango ukatoka kama kioo. Na nilifurahi, mama. Nilirudi nyuma nikaiangalia kazi yangu nikajisifu. Hapo ndipo panaponichoma.

Miaka minne imepita. Wiki jana dada yake Henriette, aliyebaki hapa kwa sababu ameolewa na mtu wa hapa, aliniletea barua ya Henriette. Carine alikufa kwa kuhara njiani, kabla hawajafika, wakamzika kando ya reli. Picha zake zote zilipotea stesheni. Henriette anakuja kabla ya Pasaka kumwona dada yake, na kwa sababu amesikia kwamba gari bado linaletwa kwangu, ananiomba nimtafutie nafasi alione. Ameandika, "Miye siko natafuta motokari, bakae nayo. Niko nataka tu kupitisha mukono ku jina ya mutoto."

Nilimsomea mke wangu Marceline, akaniambia, "Kamata musumari, andika tena. Nani atajua?" Na kweli naweza, mahali napajua, ile N naijua. Gari linaletwa Jumamosi na msumari ninao mfukoni. Mama, niandike? Au nihamie kwa shemeji yangu kule Kapolowe mpaka Henriette aondoke?

Mimi mwenye aibu, Likasi

MAMA CLOTILDE ANAJIBU

Ndugu yangu, toa huo msumari mfukoni. Sasa hivi, kabla hujaendelea kusoma. Umeutoa? Haya.

Pole. Najua nusu gunia la unga lilikuwa nini mwaka ule. Mimi mwenyewe nilinunua kitanda cha watu waliokuwa wanauza vyombo vyao pale stesheni, nikakichukua kwa bei ya kutupa, na mpaka leo nakilalia, kwa hiyo usifikiri nakusema kama mtakatifu. Lakini huruma yangu haitanizuia kukwambia kwamba unataka kufanya jambo baya kuliko lile la kwanza. Huyo mama atalia juu ya mwandiko wako akidhani ni wa mtoto wake. Ataubusu, na wewe utakuwa umesimama kando na kitambaa chako mkononi. Utaweza kula jioni hiyo? Marceline anakupenda, hataki uaibike, mwambie asante na mwambie hapana.

Na Kapolowe huendi, mzee mzima unakimbilia kwa shemeji! Ukikimbia, Henriette atalitafuta gari mwenyewe, na atajikuta anapapasa mlango mtupu barabarani mbele ya watu.

Nenda wiki hii kwa dada yake. Mwambie yeye kwanza, ili siku hiyo awepo mtu wa kumshika mwenzake. Henriette akifika, mwache alale, kesho yake asubuhi uende na Marceline, bila zawadi, bila kinywaji, usije ukamlipa mtu kwa soda. Subiri akae. Mwambie yote, hata sponji, hata ile furaha yako. Akitaka bado kuuona mlango, mpeleke na umwonyeshe mahali. Na yule bwana mwambie Jumamosi hii hii kwamba gari hilo huling'arishi tena, atafute mwingine.

Henriette akikufukuza, toka. Akilia, kaa. Akikuuliza kwa nini, usimjibu njaa, maana umeniandikia mwenyewe kwamba unga ungeupata. Mwambie uliweza kuliacha na ukalifuta. Na unapofungua mdomo, usimwite madamu, wala usimwite Henriette. Mwite Mama Carine.