Maji ya Chande

Nyumbani kwa Bi Kahaso,
karibu na Ndavaya,
Kinango.

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua utaiitikia kwa sauti hapo kitandani ulipo, kama unavyowaitikia watangazaji wa redio, nami naipokea marahaba yako kwa mikono miwili. Natumai kifua kimekupa nafasi, na kwamba mamdogo anakupikia uji mwepesi, si ule wake wa kusimamisha kijiko. Dawa za Msambweni unazimeza, au bado unazificha chini ya mto? Mimi huku ni mzima, alhamdulillahi, ila nimechoka. Miguu imevimba, mgongo unauma, na kuna uchovu mwingine ambao sijui hata niuweke wapi.

Utashangaa kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Wewe, Mama, simu huipokea kwa spika mbele ya wageni, na haya niliyo nayo ni ya macho yako peke yako. Ndiyo faida ya kwenda ngumbaru ukubwani. Kwa hiyo vaa miwani yako, na mamdogo akiuliza barua inasema nini, mwambie inasema salamu.

Sina haja ya kukukumbusha yaliyonitoa nyumbani, lakini njia nzima nilikuwa nikiyarudia kichwani. Baba alipofariki, Chande alikuwa huku bara na lori lake, simu haishiki, akafika siku ya khitma, Baba keshazikwa. Ulimwambia mbele ya watu wote kwamba sauti yake isiingie tena sikioni mwako. Ndugu yangu aligeuka bila kunywa hata kahawa, na tangu hapo hajakanyaga kwetu Mkwiro. Sasa ulipoanza kuugua ukataka kumsikia, lakini neno la mzazi halifutwi kwa simu. Ukajikokota hadi jabia ya uani, ukateka maji ya mvua, ukapiga funda, ukayarejesha ndani ya chupa na kusema: "Chande mwanangu, nilichokufunga kwa mdomo nimekifungua kwa mdomo." Maalim wa msikitini angekuwapo angekohoa. Ukaniagiza nimtafute, anawe uso kwa maji hayo kwanza, ndipo umsikie.

Basi nilivuka kwa mashua hadi Shimoni, nikafika Lunga Lunga, na hapo nikapanda pikipiki, nikaiacha lami. Mama, barabara hii inayokwenda Kinango kwa ndani wewe huijui, na bora usiijue. Ni vumbi jekundu linaloingia hadi kwenye meno. Unakwenda, unakwenda, vichaka vya miiba kulia na kushoto, halafu zinatokea nyumba kadhaa, duka moja la bati, kanisa dogo au msikiti mdogo, na kabla hujajua panaitwaje umekwisha kupapita. Vituo vyake huitwa kwa majina ya wenye maduka: Kwa Nzai, Kwa Mramba. Kwa Nzai nilimkuta Nzai mwenyewe amefunga duka amelala, na watu wakaniambia nisimwamshe maana hana cha kuuza.

Kilichonishangaza ni mitungi. Kila kituo utaikuta imepangwa kando ya barabara, mitupu, kila mmoja umefungwa kitambaa chake ili mwenyewe aujue, na wenyewe hawaonekani. Wanaungoja mkokoteni? La. Wanalingoja lile lori la tangi la maji, boza, na dereva wa boza ni mwanao. Mtungi ndio unaopanga foleni, na hakuna anayethubutu kuusogeza wa mwenzake, hata ukikaa hapo wiki nzima.

Nilipofika Mwangulu nilikunywa chai kwa mama mmoja wa kutoka Busia, aitwaye Concepta. Nilipomtaja Chande aliweka birika chini. "Huyo msee wa boza? Alipita juzi, mathe, ako upande wa Ndavaya," akasema. Ni mara yangu ya kwanza kuitwa mathe, yaani mama, na nilijitazama kwenye kioo chake kuona kama nimezeeka kiasi hicho. Nimezeeka, Mama. Vumbi lilinisaidia, lakini si vumbi peke yake.

Kila mahali nilimkuta Chande wa aina yake. Kwa Nzai wanasema ni mcheshi, huwaimbia watoto akifungua bomba. Kwa Mramba wanasema hazungumzi, hujaza mitungi akaondoka. Mzee mmoja aliniuliza kwa nini kijana yule haendi kwao hata Idi, kama hana wazazi. Nikamjibu kwamba kazi ndiyo inayomzuia. Nilisema uongo ule huku chupa yako nimeishika mkononi, imefungwa kwa leso, kwa kuwa sikuiamini mikoba ya pikipiki.

Baada ya Kwa Mramba pikipiki iliharibika, nikatembea. Jua la huku halina upepo wa bahari wa kulituliza. Ilipofika alasiri niliona boma la mbuzi, akatoka Bi Kahaso, mjane wa makamo, Mduruma mwenye sauti ya chini. Alinipokea mzigo wangu wote, begi na chupa, akaviingiza ndani, akaniwekea kigoda. Huku, kama kwetu, mgeni haulizwi habari kabla ya kupewa maji. Akaniletea kikombe kimejaa, nikakimaliza bila kupumua. Akaniletea kingine. Kisha akanitandikia mkeka, na nikalala usingizi ambao sijaulala tangu ulipoanza kuugua.

Siku ya pili, kabla ya adhuhuri, boza likaja. Kumbe wenye mitungi walikuwa wapi sijui, maana walichipuka kila upande. Chande amekonda, Mama, na nywele zimeingia mvi kumshinda Baba alivyokuwa. Aliponiona aliliacha bomba likimwagika, na huku hilo ni jambo kubwa. Hakunisalimu. Aliniuliza: "Yu hai?" Nikamwambia u hai, na umemwachilia. Nikampa chupa na maneno yako, neno kwa neno kama ulivyonituma.

Alikwenda nyuma ya lori peke yake. Alinawa uso, akanawa mikono, yaliyobaki akajimiminia utosini. Aliporudi alikaa chini kwenye vumbi katikati ya wale wanawake, akalia, na wao wakaendelea kuteka kimya kimya ili wasimtazame. Halafu akaniambia: "Dada, yananukia jabia ya kwetu."

Sasa Mama, sogea ukae vizuri, maana nimefika nilipokuwa nikipaogopa.

Asubuhi ile, kabla ya boza kufika, nilimwomba Bi Kahaso chupa yangu. Aliileta tupu, ameisuuza kwa mchanga na kuifunga tena vizuri kwenye leso. Aliinama, akanieleza: "Maji ya nyumba yalikuwa yameisha, mwanangu. Niliona haya ufike kwangu ukose hata kikombe. Nikakumiminia yako." Ningemwambia nini? Kumweleza yalikuwa maji gani ni kumvika aibu mwanamke aliyejitahidi kunistahi kwa kile asichokuwa nacho. Nikamshukuru.

Ndiyo hivyo, Mama. Radhi ya Chande nimeinywa mimi. Na maji aliyonawia niliyakinga mwenyewe kwenye bomba la boza lake, kabla hajaniona, wakati amenipa mgongo. Aliyanusa yale aliyoyabeba mwenyewe tangu alfajiri, akaisikia jabia ya kwetu.

Nataka nikwambie na lililobaki, nisije nikalala nalo tena. Niliposikia nimeyanywa, sikuumia kama ilivyonipasa. Nilifurahi. Mimi ndiye niliyebaki nyumbani, ninayekuogesha na kukugeuza, ninayeamka ukikohoa, na hujawahi hata siku moja kunitekea maji ukanisemea neno. Anayekosea hupelekewa radhi mpaka Ndavaya, na anayekaa hudhaniwa anayo. Nilimwonea wivu ndugu yangu, nikaona Mungu amenigawia changu. Furaha hiyo ilidumu mpaka nilipomwona akilia. Sasa sina furaha, nina uchovu tu, na ndiyo sababu nimebaki hapa kwa Bi Kahaso na kusingizia miguu. Nilishindwa kusafiri na Chande na kumtazama usoni.

Ndiyo, Mama, amekuja huko nyumbani. Barua hii ameibeba yeye bila kujua kilichomo, akampa jirani akuletee. Yeye yupo gatini. Nimemkataza asitamke neno na mtu yeyote hapo kisiwani mpaka utakapomwita, na nadhani ametii, kwa kuwa amezoea kunyamaza.

Kwa hiyo nakuomba, agiza utekewe maji mengine ya jabia, uyasemee maneno yale yale, umpe jirani ampelekee kama maji ya kunawa mgeni. Atanawa bila kuuliza. Kisha mwite umsikie. Na kama unaona mwenye kosa ni mimi, unikasirikie nitakaporudi, nitakaa chini nisikilize yote. Lakini ile niliyoinywa, Mama, usinidai. Niachie.

Nisalimie mamdogo na mwambie uji uwe mwepesi. Bi Kahaso naye anakuombea afya, ingawa hajui anamwombea nani. Mungu atukutanishe kwa wema.

Ni mimi mwanao,
Twaiba

Usimkawize, Mama. Gatini saa hizi hakuna kivuli.