Amekuja Shule Leo

Mwenzangu, uko?

Unaikumbuka ile zawadi niliyoianzisha, ya mtoto asiyekosa shule hata siku moja? Leo nimemwita mshindi mbele ya shule nzima, yule msichana wangu mpole wa darasa la nne. Nikasema, "Mpigieni makofi, igeni mfano wake!"

Makofi hayajaisha, shangazi yake huyo getini, analia. "Mwalimu, katutoroka msibani! Mama yake amekata roho alfajiri!"

Alfajiri! Na asubuhi nilipoita majina aliitika "Nipo," wala sikumtazama usoni.

Nikapiga magoti. "Mwanangu, mbona hukuniambia?"

"Mama alisema nisiikose zawadi. Alitaka kuiona."

Alitaka kuiona, mwenzangu.

Shangazi akamshika mkono waondoke. Mtoto akageuka: "Mwalimu, nikienda kuzika, utaandika sikuja?"

Nikaangua kilio palepale. Yeye hakutoa hata chozi.

Nimemwambia mwalimu mkuu tuifute zawadi hiyo. Unajua kanijibu nini? Eti, "Lakini mahudhurio yamepanda."

Wanazika jioni. Nitakwenda, ila sijui nitamtazama kwa uso gani.