Balozi Mdogo Asiyetambuliwa

Santiago de Cuba, 11 Februari 1799

Kwa dada yangu mpendwa Keziah,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye joto. Natumaini hujambo, na kwamba kifua kimekupa nafasi majira haya ya baridi. Mimi ni mzima kabisa, ingawa kisheria ni mgonjwa. Nitakueleza.

Nilimpelekea gavana wa Kihispania barua ya Rais inayoniteua kuwa balozi mdogo wa Marekani katika mji huu. Alinikaribisha vizuri, akaniagizia chokoleti ya moto, akaisoma barua yote, akaikunja, akanirudishia. "Mfalme wangu hajaniambia kwamba makoloni yake yanapokea mabalozi," alisema. "Wala wafanyabiashara wa kigeni hawaruhusiwi kukaa hapa."

Katibu wake, Don Fermín Arrate, mtu mnene mwenye maneno mengi, akanivuta pembeni. "Bwana Asa, mgeni akiugua tunamwacha akae mpaka apone. Wewe unaumwa wapi?"

Nikamwambia siumwi popote.

"Fikiria vizuri," akasema.

Basi ninaumwa ini. Daktari ameandika. Nimepanga nyumba karibu na forodha, nauza unga na samaki wa chumvi, nanunua kahawa, maana kama ujuavyo serikali yetu hainilipi mshahara. Mlangoni nilitundika ngao yenye tai wa nembo ya Marekani. Askari walikuja wakaitungua kwa adabu, wakaniwekea ndani.

Usiwaambie watu wa Newburyport haya ya ini.

Mdogo wako,
Asa


Newburyport, 2 Mei 1799

Mdogo wangu Asa,

Barua yako ilifika salama, nikacheka peke yangu jikoni. Kifua kimetulia. Huku sote wazima, ila mzee Tobit wa kiwanda cha kamba tumemzika wiki ya Pasaka.

Tangu mji ujue wewe ni balozi, mlango wangu haufungwi. Kila mwenye mtu wake baharini anakuja kwangu, kana kwamba Rais ameniteua na mimi. Merikebu Saburi ya nahodha Enoch Lufkin haijaonekana tangu Januari, na inasemekana Wafaransa wameiteka wakaipeleka huko huko kwako, kwa marafiki zao Wahispania.

Nakuomba unitafutie mmoja kati ya mabaharia wake. Ni Primus Gidney, yule mweusi aliyetuezekea paa baada ya ile tufani. Mkewe ni Dorcas, wa ng'ambo ya uchochoro wetu. Primus amezaliwa huru, na mama yake pia. Hapa kila mtu anajua, lakini huko sijui nani atajua.

Dorcas haniombi kitu. Anakuja, anakaa, ananisaidia kuchambua maharagwe, anaondoka. Ningeona nafuu kama angelia.

Dada yako,
Keziah


Santiago de Cuba, 20 Julai 1799

Dada Keziah,

Natumaini barua hii inakukuta na afya njema. Mimi sijambo, ila joto limezidi na homa ya manjano imeingia mjini.

Saburi iko hapa, imeshapakwa rangi mpya na kupewa jina la Kifaransa. Mabaharia wazungu walikuwa wamefungwa ngomeni. Nimewapelekea chakula kila siku, na wengi nimewapatia meli za kurudi. Primus hakuwa nao. Nilikwenda kwa Don Fermín.

"Huyo aliuzwa mnadani," aliniambia, "pamoja na mbao na mafuta ya nyangumi."

"Ni raia wa Marekani, mtu huru."

"Nani anasema?"

"Mimi, balozi mdogo wa..."

"Balozi simwoni. Namwona mgonjwa wa ini mwenye sauti kubwa. Angalia usije ukapona, Bwana Asa. Siku utakapopona tutakutafutia meli."

Nilimwomba nahodha Lufkin aape mbele ya hakimu kwamba anamfahamu Primus. Alikuwa ameshafunga mizigo. "Nikibaki kuapa nitakufa kwa homa," alisema. "Mimi nimepoteza meli nzima, Asa. Wewe unanisumbua kwa mtu mmoja." Akaondoka jioni ile.

Aliyemnunua Primus ni Don Anselmo Portuondo, mwenye shamba la kahawa milimani. Ndiye ninayemuuzia unga, na kahawa yangu nyingi hutoka kwake. Nakuambia mwenyewe ili usilisikie kwa mwingine.

Mdogo wako,
Asa


Newburyport, 15 Septemba 1799

Asa,

Sikuulizi hali yako. Nitakuuliza nikipoa.

Lufkin amerudi. Nilimpeleka Dorcas nyumbani kwake, akatusimamisha mlangoni. "Weusi walikuwa watatu melini," alisema. "Siwezi kukumbuka yupi alikuwa huru na yupi hakuwa."

Dorcas akamwambia, "Nahodha, ulikula harusini kwangu. Nyama uliomba uongezewe."

Akafunga mlango.

Tulitoka pale tukaenda moja kwa moja kwa hakimu. Mchungaji aliyewafungisha ndoa ameapa, mimi nimeapa, Dorcas ameapa. Viapo vyote hivi hapa, vina mhuri. Nenda navyo kwa huyo gavana wako, na ukirudi usiniandikie habari za kahawa.

Dada yako,
Keziah


Santiago de Cuba, 30 Novemba 1799

Dada yangu,

Nakuombea afya, na nakuomba radhi kwa kuchelewa.

Viapo nilivipeleka siku ile ile vilipofika. Don Fermín alivisifia mwandiko. "Lakini vyeti vya nje," akasema, "ni lazima vithibitishwe na balozi wa nchi vilikotoka. Hapa hatuna balozi wa Marekani." Hakuwa akitania. Alinionyesha kanuni yenyewe.

Kwa hiyo nilipanda nyumbu, nikaenda milimani. Primus alikuwa kwenye sakafu ya kuanikia, anasambaza kahawa kwa reki. Amekonda, na sikio moja lina kovu. Don Anselmo alituruhusu kuzungumza, naye akasimama karibu anajipepea.

"Bwana Asa Thorndike," Primus alisema, "umekuja kunichukua au kuniangalia?"

Nikamweleza habari za viapo na kanuni. Alisikiliza mpaka mwisho. "Dorcas mzima?"

"Mzima."

Don Anselmo akaingilia. "Mbona tunasumbuana, rafiki yangu? Mnunue. Nitakufanyia bei ya kirafiki."

Nilimweleza Primus kwa nini nimekataa. Nikimnunua nitakuwa nimekiri kwamba anauzika. Tena watekaji wakijua balozi wa Marekani ananunua watu, watateka wengine wengi waje kumuuzia. Na serikali imetuandikia wazi tusifanye hivyo.

"Hesabu yako ni nzuri," Primus alisema. "Ila anayelipa ni mimi."

Akarudi kwenye reki yake. Nimemwandikia waziri wa mambo ya nje, nasubiri jibu.

Mdogo wako,
Asa


Newburyport, 28 Januari 1800

Mdogo wangu,

Huku theluji imefika madirishani na kifua kimerudia. Nimekueleza hali yangu, sasa tuendelee.

Unasema ukimnunua utakuwa umekiri kwamba anauzika. Usipomnunua, ameuzika vile vile, ila wewe umebaki na mikono safi. Waziri hatakujibu. Na akikujibu, atakusifia mwandiko kama huyo Don wako.

Dorcas aliniomba nimsomee barua yako yote, nikamsomea. Nilipofika pale kwenye reki akasema, "Rudia hapo." Nikarudia. Akavaa shali yake, akaenda zake, na tangu siku hiyo hajaja.

Nilikulea tangu mama alipotuacha, kwa hiyo najua unavyokuwa ukiogopa. Unakuwa na adabu nyingi. Kama unaogopa kupona, Asa, pona.

Dada yako,
Keziah


Ngome ya Santiago de Cuba, 12 Juni 1800

Dada yangu mpendwa,

Salamu kutoka ngomeni. Sijambo. Chakula ni maharagwe meusi na ndizi, na si kibaya.

Sikukuu ya mfalme nilivaa koti langu la buluu, nikaingia ukumbini kwa gavana wakati wakubwa wote wamesimama na glasi mkononi. Gavana alitabasamu. "Bwana Thorndike! Ini linasemaje?"

"Limepona, Mtukufu. Nimekuja kama balozi mdogo wa Marekani. Namdai Primus Gidney, mtu huru, anayeshikiliwa na Don Anselmo Portuondo, yule pale."

Gavana akaweka glasi chini. "Mgeni aliyepona huondoka," alisema. Nikapewa amri ya kupanda meli ya kwanza.

Kesho yake Don Anselmo alikuja kwangu mwenyewe. Hakutaka jina lake lifike Havana kwa gavana mkuu. Tukapatana kwamba nimwachie kahawa yote iliyo ghalani, naye amwachie Primus. Don Fermín akaja kuandika mapatano, akaandika "ameuzwa." Nikamwambia aandike "amerudishwa."

"Neno moja, Bwana Asa! Litakuongezea nini?"

Don Anselmo akasema kwa neno hilo anataka na unga wangu wote. Nikampa. Fermín akafuta, akaandika upya, na safari hii hakutania.

Tulipanda pamoja meli ya Salem, mimi na Primus. Kabla nanga haijang'olewa, Wafaransa waliingia bandarini wakiwa wamekokota merikebu yetu nyingine. Mabaharia walikuwa juu wamefungwa mikono, na wengine kati yao ni weusi. Primus aliwaona kabla yangu. Nikachukua kofia yangu.

"Ukishuka hawatakuacha urudi," aliniambia.

"Najua."

Akanipa mkate wake, nikashuka.

Gatini niliwapigia kelele wale mabaharia wanitajie majina na miji yao, mpaka askari waliponikamata. Mlinzi wa ngome aliniuliza kazi yangu. Nikasema balozi mdogo wa Marekani. Akaniuliza linaandikwaje, akaliandika. Kwa kweli nilifurahi.

Majina niliyoyapata ni Jube Savory wa Bradford, Amos Tarr wa Gloucester, na mmoja aliyejiita London. Jina lake la pili sikulisikia. Tafadhali nenda kwa watu wao. Homa ipo humu ndani, lakini mimi bado mzima.

Mdogo wako anayekupenda,
Asa


Newburyport, 9 Machi 1801

Mdogo wangu Asa,

Hali yako? Hii ni barua yangu ya tatu tangu yako ya ngomeni, na zile mbili hazikujibiwa. Manahodha wananiambia nyumba yako karibu na forodha anaishi Mhispania, na hakuna anayejua zaidi.

Narudia niliyokwisha kuandika, huenda hayakukufikia. Primus alifika. Alipita mlango wa nyuma, Dorcas yuko uani anaanika. Hakupiga kelele. Alimaliza kutundika shuka, kwa sababu mikono yake haikujua kufanya kitu kingine, ndipo akamwendea. Mimi nilikuwa dirishani, nikaondoka. Primus hajaja kunishukuru, wala sikutaka ashukuru. Alikuja kutazama paa, akasema limeoza upande wa kaskazini, na wiki hiyo hiyo akalitengeneza.

Kwa kina Savory na kwa kina Tarr nimekwenda mwenyewe. Mke wa Tarr alinishika mkono mpaka jioni. Watu wa huyo London sijawapata. Nimeuliza mpaka Portsmouth. Kama yuko nawe, mwulize jina lake la pili, uniandikie.

Serikali imeteua mwingine wa kushika nafasi yako. Ni Hosea Pickman wa Salem, mtu mwenye glavu mpya. Alikuja kuniuliza abebe nini. Nikamwita Primus, akamchorea kwa mkaa juu ya meza yangu ngome alimofungiwa kabla ya mnada, mlango uliko na dirisha liliko, na akamwambia aanzie pale kabla hajaenda kwa gavana. Bwana Pickman aliuliza kama hilo ni la lazima. Primus akamwambia, "Hilo ndilo la kwanza."

Barua hii anaibeba yeye. Kama upo, atakupa mkononi, nawe utaniandikia hata mstari mmoja. Kama hupo, nimemwambia asinirudishie. Aifungue aisome mwenyewe, ajue kazi aliyoiendea.

Dada yako,
Keziah