Jiwe la Kafedha

Tsofa ndugu yangu, Jumanne tarehe 8 Juni 1943 ndiyo siku iliyonivunja. Kafedha hayupo. Mke wangu, Tsofa! Tumemzika leo.

Tulifika zahanati hapa Likoni alfajiri, hakuna mtu. Nikaweka jiwe mlangoni kushika nafasi, kama tufanyavyo sote kwenye foleni za mahindi, nikamlaza barazani. Homa ilikuwa ikimchoma. Waliokuja baadaye nao wakapanga mawe yao nyuma ya langu.

Karani Phineas akaja, akayapiga mawe yote teke. Yote! Watu wakakimbilia mlangoni kujipanga, mimi nikiwa bado na mgonjwa barazani.

Nikamwambia, "Bwana karani, sisi ndio wa kwanza."

Akanionyesha kibao cha Kiingereza ukutani. "Unajua kusoma, mzee? Kinasema atanguliaye kufika ndiye atanguliaye kuhudumiwa. Mawe hayaumwi. Nenda nyuma."

Nyuma, Tsofa! Nyuma ya watu thelathini. Mama mmoja akasema, "Wallahi, hawa tumewakuta hapa." Karani akacheka tu.

Zamu yetu ilifika saa saba mchana. Nikamwita Kafedha. Hakusema abee.

Maneno yale ya kibao waliyaandika wakubwa wenyewe. Mimi sikusoma, hata barua hii nimeandikiwa, lakini niambieni nyinyi mliosoma: siku ile, nani alitangulia kufika?