Ulimwita Musa kwa Jina

Wafula, ndugu yangu,

Kesho kesi yako inasikilizwa katika korti ya Makadara, na shahidi ni mimi. Nakuandikia nikiwa na hasira, kwa hivyo usitarajie maneno matamu.

Chama chetu cha waliosoma chuoni kilisema kila mmoja aje siku ile ya sherehe chuoni na kitu cha kukishukuru chuo. Wengine walileta vitabu, wengine kompyuta, wote wakiwa na tisheti nyeupe za chama. Wewe ukaja na ovaroli yenye mafuta na zile akala nilizokununulia Kariokor. Asubuhi nilikuwa nimekucheka kwa simu, fundi wa kuchomelea gani huyu anavaa viatu wazi? Ukasema, "Achieng', hizi vidole ni zangu, wacha ziungue."

Ulipitia geti la nyuma kwenda karakana. Mashine ya kuchomelea ilikuwa imekufa tangu mwaka jana na wanafunzi walikuwa wakifundishwa kwa michoro ubaoni. Uliniambia mimi peke yangu, kwa sababu hukupenda kupigiwa makofi: "Haijakufa hiyo, ni koili tu. Naibeba hadi kwangu Komarock, Jumatatu itakuwa fiti." Hiyo ndiyo ilikuwa zawadi yako.

Ukatoka umeibeba begani, kofia imekufunika macho. Karakana ilikuwa imeibiwa majuzi tu. Musa, mwenyekiti wetu, aliyelala nawe bweni moja miaka yote ya chuo, akapiga kelele, "Mwizi!"

Sijawahi kuona wasomi wakikimbia vile. Wahasibu, walimu, mafundi wenye kampuni zao. Walinyakua viti vya chuma kutoka kwenye hema wakakupiga navyo. Mmoja alikanyaga mkono wako hadi mfupa ukalia. Mimi nilikuwa natoka bombani na sufuria ya maji. Nilikuona umepiga magoti, uso wote damu, na nikakusikia ukisema, "Musa, ni mimi! Ni Wafula!"

Alisikia. Nilimwona akisita, kiti kikiwa hewani. Halafu akakishusha kichwani mwako. Pengine alikuwa amekupiga sana, akaogopa ungeinuka useme ni nani aliyeanza.

Nilimvurumishia sufuria usoni nikamng'oa meno mawili. Sijutii hata moja. Lakini wewe hukuinuka, Wafula. Nilikuita, nilikupiga hata makofi, Mungu anisamehe.

Sasa chama kimekuwa kitakatifu. Wanasema ilikuwa ajali, eti hakuna aliyekutambua. Wanataka karakana iitwe jina lako na Musa akate utepe. Walikuja kwangu, wakanywa chai yangu, wakaniomba niseme sikusikia kitu. "Fikiria wanafunzi, Achieng'. Musa amekisaidia chuo sana." Kusaidia! Niliwatoa na mwiko, mmoja akaacha koti lake, na hajarudi kulichukua.

Ile mashine niliitengeneza mwenyewe, nami ni fundi kama wewe. Kweli ilikuwa koili. Kila Jumamosi naenda kufundisha, na wasichana watatu wa mwaka wa kwanza tayari wanaunganisha madirisha yasiyotia aibu. Musa yuko nje kwa dhamana, na akipita karakana, mimi huzima mashine nikamtazama mpaka aende zake.

Mama yako alinipigia kutoka Bungoma. Sauti yake imekuwa ndogo siku hizi. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Mwanangu, aliwaambia yeye ni nani?" Nikamwambia, "Mama, njoo kortini." Amefika leo, amelala kwangu, na tangu aje hajaniuliza tena.

Pumzika, fundi wangu. Nimechoka kukulilia jikoni, kesho nitasema mbele ya watu. Nakuahidi, wakili wao anikatize atakavyo, chama kizima kinikodolee macho, sitanyamaza. Mama yako atakuwa ameketi mbele. Nitamtazama yeye kwanza, kabla ya hakimu, na nitamwambia: ndiyo, Mama, aliwaambia.

Wako,
Achieng'