Nimewaambia Ni Mfumo Wako

Baba yangu,

Mwangaluka. Nimeandika salamu nikakaa kidogo kama vile utaitikia. Mjinga mimi! Tangu tukuzike Kasoli sijakueleza jambo lolote, nilijikaza. Leo nimeshindwa. Nimebanwa, Baba, nimebanwa kweli kweli.

Kesho tunacheza na chuo cha Maswa hapa Bariadi. Unawakumbuka, wale wanaotanua uwanja mpaka mawinga wao wanakanyaga chokaa dakika zote tisini. Mzunguko wa kwanza walitupiga tatu. Mkuu wa chuo chetu akaniita ofisini akasema tukifungwa tena, timu anapewa mwalimu mwingine. Timu yako, Baba, uliyoilea tangu sijaanza shule.

"Kila mtu na mtu wake." Ulisema hivyo hadi Mama akakukataza kusema mezani. Na mimi, msaidizi wako, siku ile unakunywa uji nikakwambia kukaba mtu kwa mtu kumepitwa na wakati, siku hizi watu wanakaba eneo. Ukaweka kikombe chini. "Sawa. Ukipewa timu wewe, waambie wakabe hewa." Nilicheka. Wewe hukucheka. Wiki mbili baadaye ulilazwa, na hatukuyazungumza tena.

Kwa hiyo mechi ile ya kwanza nilitumia mfumo wako, kwa majuto tu. Winga wao akikimbilia pembeni, Masanja, beki wetu wa kulia, yuko nyuma yake mpaka kwenye kibendera, na katikati pamebaki uwazi wa kupitisha trekta. Mapumziko nikamfokea. Akaniangalia kwa mshangao. "Mwalimu, ng'ombe akitoka kundini unamwachaje? Akiingia kwenye pamba ya watu nachapwa mimi." Benchi zima likaangua kicheko. Lakini alisema kweli. Vijana wetu karibu wote wamekulia machungani. Kumwacha aliyetoka ni kosa walilochapiwa tangu wadogo.

Wiki hii nikabadilisha. Mabeki watano, kila mmoja na eneo lake, winga akienda pembeni aachwe aende, akiingia ndani ndipo akabwe. Wakagoma! Si kwa maneno, kwa miguu. Jumatatu wakafukuzana na mawinga, Jumanne hivyo hivyo. Jumatano nahodha Shija akaniambia mbele ya wote, kwa adabu kabisa, "Mwalimu, Mzee hakutufundisha hivi."

Hapo ndipo nilipoharibu. Nilikuwa na daftari lako jeusi kwapani. Nikalifungua, nikasema, "Mzee mwenyewe ameandika humu, kabla hajalazwa. Kwa Maswa, tukabe eneo." Baba, ukurasa ule ulikuwa na majina ya wasio na viatu, basi.

Shija akavua kofia. "Kama ni Mzee, sawa." Na wakafanya! Masanja alimwangalia winga akienda zake, mikono kaiweka nyuma kama aliyefungwa kamba, lakini hakutoka eneo lake. Nilifurahi, halafu nikaumia. Mimi niliye hai walinikatalia siku tatu, wewe uliye kaburini wamekutii kwa sentensi moja.

Sasa wanaambiana vijiweni kwamba kesho tunacheza mfumo wa Mzee. Tukipigwa, watasema Mzee alikosea. Wewe, uliyeondoka na heshima yako nzima! Jana nilitaka kuwaambia ukweli. Nikafungua mdomo, nikajikuta nawaambia wazunguke uwanja mara nne. Nimekuwa mwoga, na nimekusingizia mbele ya watoto wako.

Nisamehe, Baba. Tukifungwa, nitawaambia kabla hawajavua viatu kwamba uongo ni wangu, wewe huhusiki. Nimekuapia. Timu waichukue, jina lako wasiliguse.

Lakini tukishinda? Hapo naogopa zaidi. Watakuimba wewe uwanja mzima, nami nitaimba nao, maana nitasema nini? Nitakuwa nimeshinda ule ubishi wetu wa mezani, na hakuna wa kuninunia. Nilitaka ushindwe ukiwa umekaa hapo benchi, Baba, unione, ukasirike, halafu jioni uniulize nilijuaje.

Lala salama. Naenda mazoezini.

Binti yako, mbishi wako