Mkunjo wa Mwisho wa Kitabu Chako

Chumba cha ushonaji,
Kiwanda cha uchapaji, ghorofa ya chini.
Jumamosi, tarehe 14, saa ya chakula cha mchana

Mpendwa mdogo wangu Profesa,

Nakusalimu kwanza, maana mama alituzoesha kwamba hata ukija kugombana unabisha hodi. Hujambo? Wifi yangu hajambo? Na mapacha wangu, meno yameshaota yote? Kifua kikianza kukubana kwa vumbi la huko, kunywa maji ya moto, usijifanye kijana. Sisi huku wazima. Shemeji yako bado yuko kwenye mashine ya kukata karatasi na vidole vyake vyote kumi anavyo. Mimi mgongo ndio unanisumbua nikiinama sana mezani, lakini tundu la sindano naliona bila kuomba msaada wa mtu.

Haya, salamu zimekwisha.

Uliniandikia kwamba kitabu chako kinachapwa hapa kwetu, na kwamba mimi ndiye msomaji wako mkali, nikwambie ukweli bila kukuficha. Nimekisoma mkunjo kwa mkunjo, kila karatasi kubwa iliyokunjwa ikawa kurasa kumi na sita, kabla sijaishona. Ukweli unautaka? Kaa chini basi.

Kwanza huyo mtoto aliyetabiriwa. Kwa nini kila mara lazima awepo? Hajafanya kazi hata siku moja, kuchota maji hajui, lakini ana alama begani, basi watu wazima na akili zao wanampigia magoti. Mimi napenda shujaa aliyejifunza kitu mpaka mikono ikaota sugu. Na hayo majina! La mfalme wako nililitamka kwa sauti hapa mezani, shemeji yako akaniuliza kama nimepata mafua.

Halafu sayari saba, na wote wanaelewana lugha. Sayari saba! Sisi na jirani wa ukuta mmoja tunaongea lugha moja na mpaka leo hatujaelewana kuhusu bomba la maji. Vita yako inaua nusu ya ulimwengu, kesho yake karamu. Nani alizika? Nani aliosha vyombo?

Na uchawi wako ni wa bure, kitu kinachoniudhi kuliko vyote. Mama alipotusimulia zile hadithi zake za watu wa mwezini, kila aliyetumia uchawi alilipa, huyu kivuli chake, yule sauti yake. Tukimlilia amrudishe aliyekufa, alikataa katakata: “Aliyekwenda kaenda. Tuendelee na waliobaki.” Aliyekuwa analia zaidi ni wewe.

Yote hayo ningekusamehe. Hadithi yako, bwana, isimulie upendavyo.

Lakini yule dada mchawi! Mwenye miwani, mwenye sindano, anayemshona mama mdomo na kumficha dawa mpaka kaka shujaa atokee. Ulidhani sitajiona? Hata kovu la kidole gumba umempa langu. Kweli asante ya punda ni mateke. Mimi niliyempa mama dawa kwa kijiko miezi kumi na moja, asubuhi kabla ya kazi na jioni baada ya kazi, ndiye leo nimeficha dawa! Nilivuta uzi kwa hasira mpaka ukakatika mkononi.

Na shujaa wako je? Anavuka nyota elfu kwa kufumba na kufumbua, anamshika mama mkono, chozi linadondoka, mama anafufuka. Chozi moja tu! Wewe mdogo wangu, basi la siku moja na nusu lilikushinda. Mama alipozidiwa nilikupigia simu mara nne. Ulinijibu una sura mbili za kumalizia, ukizimaliza utakuja. Sasa nimezisoma hizo sura.

Tena ukurasa wa mbele kabisa umeandika: “Kwa Mama, ambaye mkono wake sikuuachia mpaka pumzi ya mwisho.” Khaa! Huoni haya? Ule mkono niliushika mimi, na ulikuwa wa baridi tangu asubuhi.

Akutendaye mtende, mche asiyekutenda. Basi nimekutenda.

Usishtuke, kazi ya watu siichezei. Vya dukani vyote vimetoka salama. Katika hili sanduku kuna nakala zako ishirini za mwandishi, na kumi na tisa ni nzima. Moja nimeishona kwa uzi mwekundu. Kila mkunjo una alama ndogo nyeusi mgongoni, na ikipangwa vizuri zile alama zinashuka kama ngazi. Ikikosekana moja tunajua kitabu kina pengo. Katika hiyo yako utaona ngazi haifiki mwisho. Mkunjo anaofufuka mama nimeutoa, nikauchana kwa mikono yangu, nikashona kurasa kumi na sita tupu mahali pake. Nisikudanganye, nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikaimba.

Hizo kurasa ni zako. Andika humo jinsi mama alivyokufa. Lakini utaandika nini? Hujui alivaa nini siku ile. Hujui kama dirisha lilikuwa wazi. Hujui alikunywa maji au aliyakataa.

Na kuna jambo jingine. Ile saa ya mwisho alikutaja. Alisema maneno machache juu yako, na chumbani tulikuwa wawili tu, mimi na yeye. Mwaka na nusu nimekaa nayo nikingoja uniulize, na hujauliza hata mara moja. Nilikuwa nimepanga kukuandikia mwenyewe, kwenye barua hii hii, nikishamaliza kukisoma kitabu. Nilipofika kwa yule mchawi nikabadili nia. Kwenye simu sitasema, na kwenye karatasi siandiki, ng'o!

Si umesema nimeficha dawa? Haya, sasa nimeificha. Basi linaondoka huko kila siku asubuhi. Njoo uichukue.

Msalimie sana wifi yangu, na mapacha uwabusu kwa niaba ya shangazi yao. Baba mdogo anakusalimu, anasema kitabu kizuri, lakini yeye ametazama jalada tu. Shemeji yako naye anakusalimu. Kitanda cha mama kimetandikwa, utalala hapo. Mungu akufungulie njia, hasa hii ya kuja huku.

Ni mimi dada yako akupendaye, na hasira yote hii imetoka humo humo,
Sindano